Mwenye Chakula Huonja

Katika mji ule, anayeleta chakula hukionja kwanza mbele za watu, ndipo wengine hunawa. Somoe, mhandisi aliyetoka mbali, hakuijua desturi hiyo alipoiweka mashine yake juu ya meza ya zahanati. Ilikuwa mashine yenye akili, ya kuwachagulia wagonjwa dawa, na yeye na wenzake wa kampuni walikuwa wameiunda kwa miaka mingi nyuma ya milango iliyofungwa.

"Imejaribiwaje?" aliuliza Mwanaidi, mama aliyempakata mtoto mwenye homa.

"Hiyo ni siri ya kampuni," alidakia Bwana Kitwana, bosi wa Somoe. "Lakini ni salama kabisa."

Mwanaidi hakumjali. Alimtazama Somoe, aliyeiunda. "Kwetu mwenye chakula huonja kwanza. Dada, una mtoto?"

"Ninaye."

"Akiugua leo, utaiachia hii imchagulie dawa?"

Somoe alifungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi, na katika miji mingine alikuwa amelitoa bila kupepesa macho. Leo alimtazama kwanza yule mtoto mwenye homa.

"Mwambie ndiyo, twende zetu," Kitwana alimnong'oneza.

Somoe akakishika kioo cha mashine, ambacho siku zote kilimwelekea yeye peke yake, akakigeuza taratibu kiwaelekee watu.

"Bado," alisema. "Ngojeni kwanza niwaonyeshe inapokosea."

Kitwana akatoka nje bila kuaga. Mwanaidi akamweka mtoto begani, akajisogeza kwenye benchi, na ile nafasi iliyobaki akampangusia Somoe kwa ncha ya khanga yake.