Kikuku cha Jelagat

Siku hizo uchovu wa mwanariadha ulihamishiwa mtu wa nyumbani kwake aliyekubali kuvaa kikuku. Wa Kimuge ulibebwa na mkewe, Jelagat.

Kwenye kilomita ya thelathini ya marathoni, Kimuge akiwa anaongoza, miguu yake ikawa mizito ghafla. Alihofu mkewe amekufa, lakini hakusimama. Alijikokota hadi mwisho, akamaliza wa tisa, kisha akaomba simu.

“Jelagat, uko hai?”

“Niko, Baba Chelimo. Nilikivua. Mtoto alikuwa analia, nikataka kumbeba. Tangu azaliwe sijawahi kusimama naye.”

Kimuge aliketi chini, mapaja yakimwaka moto. Alikusudia kusema pole.

“Mwezi ujao kuna mbio nyingine,” akasema. “Utakivaa?”

Kimuge alimsikia tu mtoto akicheka karibu na simu.