Kilo Sitini za Bi Zaituni

Goti la Bi Zaituni lilikuwa limekataa kupanda miti, na yeye hakujua kazi nyingine ila kupogoa. Fundi Mbaruku alimtengenezea kishikio: kipande cha chuma chenye meno, kinachopanda juu ya kamba kwa urahisi na kuing'ata kikivutwa chini. Walikijaribu kwa gunia la mchanga la kilo sitini, uzito alioutaja Bi Zaituni mwenyewe. Gunia lilining'inia asubuhi nzima bila kushuka.

Bi Zaituni akaegemeza mkongojo wake kwenye mti wa mvinje, akajifunga mkanda, akajivuta juu kwa kamba. Hakufika mbali. Kishikio kiliteleza, kikamrudisha taratibu na kumketisha kwenye majani makavu.

"Dada, hizo sitini ulipimwa lini?" fundi aliuliza.

"Kabla sijaolewa."

"Na sasa una wajukuu wangapi?"

"Wewe jaza gunia. Nitakuambia pa kuishia."

Fundi aliongeza mchanga kidogo kidogo, akisoma mizani kwa sauti. Bi Zaituni alitazama pembeni mpaka themanini na moja. "Basi," alisema.

Fundi akachukua tupa, akanoa meno ya kishikio, kisha akaongeza kilo tano nyingine. "Hizi za pilau ya Idi." Gunia lilipoinuliwa, kishikio hakikusogea.

Alasiri Bi Zaituni alipanda tena. Alilifikia tawi la kukatwa, na fundi akainua msumeno ili ampandishie. Lakini Bi Zaituni alikuwa ameshalipita, anaendelea kwenda juu, na mkongojo umebaki umeegemea mti.