Kifuu cha Kobe

Bata, Chura na Kenge walipanda mtumbwi kwenda kupunga upepo mtoni, wakamchukua na Kobe. Mtumbwi ulikuwa unavuja. Kobe, asiyejua kuogelea, alikaa chini akiteka maji kwa kifuu na kuyamwaga nje, huku wenzake wakiimba.

Walipofika penye kina kirefu, Bata akafoka. "We Kobe, unanilowesha manyoya! Tumekuja kustarehe, hatukuja kufanya kazi. Weka hicho kifuu uimbe."

"Nikiacha tutazama, Mama Bata."

"Kwani sisi hatumo humu? Tumepanda pamoja, mzee. Likitupata, limetupata sote."

Chura na Kenge wakamcheka. Kobe akaona haya kuwa mwoga peke yake, akaweka kifuu chini, akaimba. Kabla wimbo haujaisha mtumbwi ulijaa, ukazama. Wale watatu wakaogelea hadi ukingoni bila hata kutweta.

"Kobe yuko wapi?" Chura akauliza.

Bata akakung'uta mabawa. "Amezama, na mtumbwi wetu ameuzamisha. Kazi yenyewe ilikuwa moja tu, kuteka maji, nayo ikamshinda."