Mashine ya Siku Mbili

Kabla ya alfajiri mashine ya kufukizia ililia tii, ikatema mvuke wa mchaichai. Imenichosha! Sheria haitaki nyumba iwe na harufu ya mtu, na hii ya mvuke hufuta kila kitu kwa saa moja. Nikainusa kanga aliyojifunika mjukuu wangu Mwanakheri jana, nikitafuta harufu yake: mchaichai mtupu.

Kulipokucha nilikwenda dukani. Muuzaji, binti mpole, alinivutia kiti.

“Bibi, hii ya upepo usichukue. Goigoi, inachukua siku mbili kufuta harufu.”

“Basi nifungie hiyo hiyo.”

Alinitazama, akaifunga bila kuuliza, akanibebea mpaka nyumbani.

Nikampigia Mwanakheri. “Njoo tena keshokutwa, mjukuu wangu. Usilete kitu, njoo ulale tu.”