Gari Lisilo na Msuluhishi

Kwenye mbio za magari ya kale, gari halikuruhusiwa kuwa na Msuluhishi, ile sauti iliyokatiza ugomvi katika kila nyumba na kila gari na kutamka nani ana haki.

Mkaguzi aliipekua Datsun yetu ya milango miwili hadi chini ya viti, akaipitisha. Mume wangu Kibet akashusha pumzi. Tukaingia, tukafunga milango.

“Ile kabureta umeilipua,” nikamwambia, “kama unavyolipua kila kazi.”

“Na wewe unanisema mbele ya mama yangu tangu tuoane.”

Tukagombana mpaka jasho likatutoka. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha tukanyamaza, wote wawili tukiitazama dashibodi, tukingoja ituambie nani ameshinda.