Ukuta wa Boma

Jua lilipochomoza, nusu ya ukuta wa boma ilikuwa imekwisha kuwa ya bluu. Fundi Rangi alikuwa juu ya ngazi, akiifunika taratibu rangi ya kijani ya Mfalme wa Mashariki.

Muuza maziwa akasimama, akatazama juu, akaguna. "Tumerudi Magharibi?"

"Si unaona mwenyewe?"

Muuza maziwa akaenda zake kuwapasha wengine. Wilaya hii ilikuwa imerushwa huku na huku kama mpira wa makaratasi. Ilitolewa mahari, ikarudishwa kwa talaka. Mfalme mmoja aliipoteza kwenye karata, mwenzake akaitoa kama pole baada ya kumtukana balozi. Wenyeji waliacha zamani kusikiliza matangazo. Asubuhi walitazama ukuta, wakajua wa kumpigia saluti.

Fundi aliwadharau wote, naye alijidharau kidogo, maana ugomvi wa wafalme ndio uliomlisha. Lakini leo moyo ulimwenda mbio. Mdogo wake, kinyozi, alikuwa mahabusu mle ndani, na mchana huo angepelekwa machimboni, kusikorudi mtu. Kosa lake? Alipiga mluzi wimbo wa Magharibi huku akimnyoa Mkuu wa Wilaya. Mazoea tu ya mdomo. Ndio wimbo waliofundishwa shuleni, enzi za bluu. Tumaini lilikuwa moja. Kila utawala mpya uliwafungulia wafungwa wa utawala uliopita, ili uonekane una huruma.

Mkuu wa Wilaya akaja, kijani kitupu kuanzia kofia hadi soksi. Alipouona ukuta, uso ulimshuka, kisha ukapanda upesi, kwani bwana yule alikuwa bendera fuata upepo. Akaingia ofisini bila kumuuliza mtu. Alipotoka alikuwa na kofia ya bluu inayonuka kabati, na nyuma yake karani akiifuta vumbi picha ya mfalme kwa mkono wa shati.

"Nilijua tu!" Mkuu akawatangazia watu waliokwisha kujazana. "Moyo wangu siku zote uko Magharibi!"

Watu wakapiga makofi. Watu walewale, makofi yaleyale.

"Na yule kinyozi, mzalendo wetu," akawageukia askari, "bado mmemfungia wa nini? Hamna haya? Mtoeni!"

Kinyozi akatoka amekonda, ndevu zimemjaa kidevuni. Mkuu akamkumbatia mbele ya umati, akamwita ndugu. Fundi akaugeukia ukuta na kuendelea kupaka, machozi yakimtoka bila aibu.

Shemeji yake, mke wa kinyozi, alipenya katikati ya watu, akamshika mumewe mkono, akamvuta mpaka chini ya ngazi.

"Shemeji, Mungu mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mbona safari hii hatujasikia hata tarumbeta? Nani kakutuma kupaka?"

Fundi akashuka na ndoo yake, akachungulia barabara ya mashariki.

"Mchukue mumeo mvuke mto sasa hivi," alinong'ona. "Rangi ilibaki ya mara ile, shemeji. Nikaona isije ikakauka bure."