Mstari wa Nne

Nilikuwa nimebakiza kubonyeza "Nakubali" tu nilipousoma vizuri mstari wa nne.

Barua ya chuo iliita kila kitu msaada: ruzuku ya serikali, ufadhili wa chuo, kibarua cha maktaba, kisha dola elfu kumi na nane za "mpango wa mzazi". Mwezi mzima nilizijumlisha zote nikaona hatutatoa kitu. Nikatangaza kanisani. Nikamwambia binti yangu, Delaney, akikatae chuo cha hapa mjini Toledo kilichompa nafasi ya bure.

Sasa nikafungua maelezo ya mpango huo. Ulikuwa mkopo, wenye riba, kwa jina langu, kila mwaka kwa miaka minne. Kazi yangu ni kusafisha meno ya watu kwenye kliniki.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu, na wanaomaliza shule wote huvaa sweta la chuo walichochagua. Delaney akaingia jikoni na lake, la kijani, limempwaya mabegani.

"Mama, nipige picha. Usinitoe nimefumba macho kama mwaka jana."

"Sogea kwenye mwanga."

"Umeshabonyeza?"

"Bado nasoma."

"Unasoma nini tena? Si ulisema wanalipa kila kitu? Mpaka mchungaji anajua!"

Akacheka, akatoa mkasi kwenye droo, akainua mkono. Lebo ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwapani kwa uzi wa plastiki.

"Usiikate," nikasema. "Dukani hawalipokei tena bila lebo."

Mkasi ukabaki wazi juu ya uzi.